Ngumi Chini ya Kitambaa

Katika duka la vito la Jasraj na Wanawe, ghorofa ya pili, mtaa wa masonara wa Jaipur, palikuwa na godoro jeupe la wauzaji lililotandikwa sakafuni, na juu ya godoro hilo hakupata kukaa mwanamke tangu duka lifunguliwe. Paka alikaa. Mbuzi wa jirani, siku ya harusi moja, alipanda ngazi, akalala hapo mchana kutwa na kutafuna pembe ya mto. Mwanamke, la.

Marehemu Jasraj alijaaliwa wana watatu, akawapa majina ya bidhaa yake, kana kwamba alikuwa anapanga kabati. Wa kwanza alikuwa Pannalal, jina la zumaridi. Wa pili Manakchand, jina la yakuti. Wa mwisho Motichand, jina la lulu. Kabla ya mvua za mwaka huo, Motichand alifariki kwa homa ya matumbo, na nafasi yake kwenye godoro ikabaki na shimo la makalio yake na paka mmoja.

Pannalal alitaka nafasi hiyo apewe mwanawe Hemraj, kijana mwenye masharubu ya kupendeza, ambaye hakujua kutofautisha yakuti na punje ya komamanga, na aliwahi kuthibitisha jambo hilo kwa meno. Lakini nafasi ile ilitakwa na mtu mwingine pia, naye ni Rajul, mjane wa Motichand. Kwa miaka mingi mumewe alimletea mawe chumbani, naye akayatunga, akayapanga kwa rangi, akayapenda. Alijua vilevile kwamba mjane asiye na nafasi dukani alikuwa na nafasi moja tu iliyobaki katika nyumba ile: kigoda cha jikoni, mbele ya kinu cha pilipili, mpaka siku atakayobebwa kutolewa nje. Mashangazi wawili walikuwa wametangulia kukikalia. Wote wawili walikufa wakipiga chafya.

Uamuzi ulikuwa mikononi mwa Badambai, mjane wa Jasraj na mkuu wa nyumba, kikongwe mwembamba kama uzi wa kutungia lulu. Aliwaita wanawe asubuhi moja baada ya sala.

"Nafasi ya Motichand ataikalia mkewe," alisema.

"Mama!" Pannalal alishika kifua. "Mama, biashara yetu husemwa kwa vidole!"

Hilo lilikuwa kweli. Katika mtaa ule bei ya jiwe la thamani haitamkwi. Muuzaji na mnunuzi hufunika mikono yao kwa kitambaa, kisha kila mmoja husema kwa vidole: kidole kinachoshikwa ni tarakimu, kiganja kinachobanwa ni makumi, na ngumi iliyofungwa maana yake jiwe hili halina bei, lirudishe ulikolitoa. Watazamaji huona kitambaa kikitetemeka tu, na nyuso mbili zisizosema kitu.

"Nani atashika mkono wa mjane wa mdogo wangu?" aliendelea Pannalal. "Sheria ya nyumba hii ni kwamba mke wa mdogo hamwonyeshi kaka wa mumewe hata uso wake, wala hasemi naye neno. Leo ampe mkono?"

"Ataufunga mkono wake kwa pindo la sari," alisema Badambai. "Na wewe mikono yako imeshika ya matapeli wote wa mji huu, mwanangu, sijawahi kukuona unanawa."

Manakchand, aliyekuwa mwoga zaidi na kwa hiyo mwerevu zaidi, alijaribu njia nyingine. "Lakini hajafundishwa, Mama."

"Mtamfundisha ninyi. Sikukuu ya taa ikifika, atapimwa mbele ya wenzenu wa mtaa. Akishinda atakaa. Akishindwa, Hemraj akae, na Mungu alirehemu godoro."

Basi masomo yakaanza, na yalianza kwa matatizo. Rajul alikuwa amevuta mtandio wa sari mpaka kidevuni, kama adabu ilivyomtaka. Shemeji zake hawakuruhusiwa kumsemesha, wala yeye kuwajibu. Mwalimu asiyesema na mwanafunzi asiyeona walikaa asubuhi nzima wakisikiliza feni. Hatimaye Pannalal akapata ufumbuzi. Paka wa dukani aliitwa Karani. Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya Wajaini, ambao dini yao hairuhusu kuua hata sisimizi, alikuwa amelelewa kwa chapati na maziwa, na panya aliwaachia dhamiri zao. Pannalal akamgeukia.

"Karani," alisema akiangalia dari, "mwambie shemeji yangu kwamba kioo ni mwongo mwenye joto."

"Karani," ikajibu sauti kutoka chini ya mtandio, "mwulize shemeji yangu mwongo huyo hutambuliwaje."

Karani akapiga miayo. Elimu ikaanza kupita.

Pannalal alikuwa mtu mnene, mwenye pete kila kidole isipokuwa kile cha kuchokoa sikio. Alifundisha kuhusu kioo kwa shauku iliyomshangaza Rajul. Zumaridi likiguswa kwa mdomo hubaki baridi, alisema. Kioo hupata joto upesi, kama mtu anayetaka kupendwa. Ndani ya kioo mna viputo vya hewa vya mviringo, lakini ndani ya zumaridi mna ukungu na nyufa, kama bustani iliyosahauliwa. Kioo kizuri kinaweza kumdanganya mfalme, kinaweza kumdanganya ndugu yako wa damu aliyekaa hatua mbili kutoka kwako kila siku. Alipofika hapo aliomba maji.

"Karani, mwambie shemeji asilimung'unye jiwe kama peremende!"

"Karani, mwambie shemeji kwamba alisema mdomo. Hakusema sehemu ipi."

Lenzi nayo ilileta balaa lake. Chini ya mtandio hakuna mwanga, na jiwe hutazamwa kwa mwanga wa kaskazini wa asubuhi, dirishani. Rajul alichukua mkasi, akatoboa mtandio tundu lenye ukubwa wa lenzi, akaichomeka hapo. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Manakchand. Alipogeuka, alikutana na jicho moja kubwa mara kumi ya kawaida, likimtazama kutoka katikati ya kitambaa cha rangi ya majivu.

"Karani!" alipiga kelele. "Shemeji yangu ana jicho!"

"Karani, mwambie ninayo mawili, ila la pili linasubiri ruhusa."

Manakchand hakujali sana kioo. Kioo ni hila ya watu wavivu, alisema, na kaka yake akitaka kufundisha mambo ya kitoto, shauri lake. Hila ya fundi ni jiwe la kuunganishwa: vipande viwili vya jiwe la bilauri nyeupe, na katikati yake gundi ya kijani. Ukilitazama usoni, ni zumaridi la wafalme. Ukilitazama ubavuni, pande zote mbili ni nyeupe kama maji, na rangi yote imelala katikati, mstari mmoja mwembamba, kama siagi ndani ya mkate. "Tia ndani ya bakuli la maji utauona upesi zaidi," aliongeza. "Lakini ni jiwe lililo huru tu, Karani, mwambie. Kidani cha kale kina karatasi ya fedha mgongoni mwa kila almasi. Ukikitia majini, umekiua." Akaeleza namna ya kuchanganya gundi, joto lake, muda wake wa kukauka, na jinsi ya kuficha mstari kwa kuchonga maua ubavuni. Alieleza vizuri mno kwa mtu aliyedai kwamba mambo hayo aliyasikia tu kwa watu.

Badambai naye alifundisha mara moja, jikoni, bila paka. Alivua tasbihi yake ya sala, punje za bilauri zilizokuwa za nyanya yake, akaziinua mbele ya moto.

"Tazama tundu, mkamwana. Zamani walitoboa kwa keekee ya mkono, nusu kutoka upande huu, nusu kutoka upande ule. Matundu mawili yanakutana katikati, lakini hayakutani sawasawa, kila moja linavuta kwake. Siku hizi mashine inapita moja kwa moja. Ukiona tundu lililonyooka, jiwe hilo ni la juzi, hata likikuambia limemzaa babu yako."

"Na hilo ndilo la maana zaidi, Mama?"

"La maana zaidi ni kujua nani wa kumwambia," alisema kikongwe, akarudi kwenye dengu zake.

Familia ile iliamini miujiza mitatu, na Rajul, kama kila mkamwana aliyeletwa pale, alikuwa amesimuliwa yote mpaka masikio yamechoka. Wa kwanza ulitokea ujanani mwa Jasraj. Alicheza kamari ya mvua, ile ambayo watu wazima hupanda mapaani na kushindania kama wingu litatoa maji ya kutosha kutiririka mferejini kabla ya jioni. Wingu lilipita bila kutema mate, na duka likaenda nalo. Baada ya juma moja duka likarudi, na kila mtu akamshukuru mungu wa kike wa mali. Wa pili ulikuwa mwaka wa ukame, Pannalal alipofuata nyayo za baba yake juu ya paa lilelile, akaokoka vilevile. Wa tatu ulikuwa wa Manakchand, aliyejenga jumba la sinema huko Ajmer. Liliporomoka paa siku ya pili, filamu ikiwa haijafika wimbo wa kwanza, lakini wadai wote walituliza ghadhabu zao kabla ya mwezi kuandama. Mungu wa kike wa mali, ilionekana, alikuwa na udhaifu kwa familia hii.

Kidani cha familia kilikuwa kitu kingine kilichoaminiwa. Jasraj alipewa na mtawala wa zamani, kwa huduma ambayo hakuna aliyekumbuka ilikuwa ipi. Kilikuwa cha almasi bapa zilizopangwa kama jani la mtende, na chini yake zilining'inia zumaridi tatu zenye ukubwa wa kungu: ya kushoto, ya katikati na ya kulia. Kila sikukuu ya taa Badambai alikivaa, wenye maduka wa mtaa wakaja kukiangalia, na kwa sababu ya kidani kile watu walimwamini Jasraj na Wanawe kwa mawe mengine yote. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa ila Badambai. Alikisafisha mwenyewe, mlango umefungwa.

Siku ilipofika, taa za mafuta zilipangwa ngazini, na wageni wakajaa mpaka kwenye baraza. Mbele kabisa aliketi Mzee Kapurchand, mwenyekiti wa baraza la wauza vito, ambaye sikio lake moja lilikuwa zito na lingine lilisikia aibu za watu kutoka mtaa wa tatu. Pannalal alikuwa ameandaa mawe ya mtihani kwenye sinia.

"Ondoa hayo," alisema Badambai. Akafungua kishikizo shingoni mwake. "Atapima hiki."

Pannalal alikaa ghafla. Manakchand, ambaye alikuwa amekaa tayari, alisimama.

"Mama, kidani ni kitu cha heshima!"

"Mama, mwanga hautoshi!"

"Jua liko dirishani," alisema Kapurchand kwa furaha kubwa. "Mimi naliona. Endeleeni."

Hemraj naye, kwa kutaka kusaidia upande wa babake, alisukuma mbele bakuli la shaba lililojaa maji. "Tia humu, mama mdogo! Baba mdogo Manakchand husema jiwe hujulikana ndani ya maji."

Mikono ya Manakchand iliruka kuelekea bakuli na kurudi. Rajul aligeuza lenzi yake kumtazama kijana. Hemraj alikuwa mdogo wake kwa daraja, hakuhitaji paka.

"Hemraj, mwanangu, nyuma ya kila almasi hapa kuna karatasi ya fedha nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Maji yakiingia, hizi zote zitakuwa macho ya samaki aliyechacha. Kunywa hayo maji, yatakufaa."

Wageni walicheka. Kapurchand alipiga paja. Rajul akainamia kidani.

Alianza na jiwe la kushoto. Aliliingiza chini ya mtandio, akaligusisha mdomo, na kabla hajahesabu pumzi mbili likawa na joto kama kikombe cha chai. Akaliweka kwenye lenzi, akaona viputo vya hewa, vya mviringo, vimepangana kwa furaha kama watoto wa shule. Akainua uso. Pannalal alikuwa anahesabu pete zake.

Aligeuza jiwe la kulia, akalitazama ubavuni. Ua lilikuwa limechongwa pale kwa ustadi, na chini ya petali za ua, mstari mwembamba wa kijani kati ya weupe na weupe. Siagi ndani ya mkate. Manakchand alikuwa anatazama mlango kama mtu anayepima upana wake.

Jiwe la katikati lilikuwa baridi, ukungu wake ulikuwa mzuri, ubavu wake kijani tupu. Moyo wa Rajul ulianza kutulia. Kisha akatazama tundu. Lilipita katikati ya jiwe lote limenyooka, kama barabara ya serikali. Jiwe la juzi, tena la bei ya chini, lililochovywa ndani ya mafuta ya kijani kulipa rangi. Miujiza mitatu, mawe matatu.

Alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko adabu. Akisema alichokiona, Kapurchand angeshuka ngazi nne nne, na kabla taa hazijazimwa mtaa mzima ungejua. Duka lingekufa, na godoro alilolitaka lingeuzwa na paka wake juu. Akisema kidani ni kizima, angekuwa amesema uongo kwa pumzi yake ya kwanza katika kazi, tena mbele ya watu watatu waliojua, kila mmoja kwa sehemu yake, kwamba ni uongo. Wangemtoa kwa furaha. Alikisikia kinu cha pilipili kikisaga ndani ya kichwa chake.

"Vipi, bibie?" aliuliza Kapurchand. "Umelala humo ndani?"

"Karani," alisema Rajul, "waambie wazee kwamba katika mtaa huu bei haitamkwi. Naomba kitambaa."

Badambai akampa kitambaa cheupe, kama aliyekuwa amekishika tayari. Rajul alizungushia kiganja chake pindo la sari, akaupeleka mkono chini ya kitambaa mbele ya Pannalal. Mkono mwingine aliuacha wazi, na kwa mkono huo, mbele ya macho ya wote, aliinua jiwe la kushoto kana kwamba anapima uzito wake. Mkono wa Pannalal uliingia chini ya kitambaa ukitokwa jasho. Alisubiri kidole. Akapewa ngumi.

Uso wake ulipita rangi zote zilizouzwa dukani. Rajul aliliachia jiwe la kushoto polepole, likabembea.

"Haya, Pannalal?" aliuliza Kapurchand. "Anajua?"

"Anajua," alisema Pannalal kwa sauti ya mtu aliyemeza mbegu ya embe. "Bei ni sahihi. Sahihi kabisa."

"Ngapi?"

"Tangu lini bei ya chini ya kitambaa ikaulizwa juu ya kitambaa?"

Wageni wakanung'unika kukubali, na mwenyekiti akalazimika kukaa na njaa yake.

Manakchand alifuata. Rajul aliinua jiwe la kulia, akaligeuza ubavuni mbele ya macho yake, na chini ya kitambaa akampa ngumi ileile. Manakchand alifumba macho, akayafumbua, akasema upesi kwamba katika maisha yake hajapata kupimwa, yaani kusikia jiwe likipimwa, kwa usahihi wa namna hiyo, na kwamba Hemraj, kwa maoni yake, ni bora ajaribu biashara ya nguo. Kisha ndugu wawili wakatazamana. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa huruma ya mwenye siri kwa mtu asiyejua kitu.

Ikabaki Badambai. Rajul aliinua jiwe la katikati, na mkono wake uliingia chini ya kitambaa kwa uzito. Alikuwa tayari kuikunja ngumi, ingawa alimpenda kikongwe yule. Hakuwahi. Vidole vikavu vilividaka vyake, vikavikunja kimoja baada ya kingine mpaka vikawa ngumi, vikaibana kwa nguvu.

"Sahihi," alisema Badambai. "Walisheni wageni."

Baada ya wageni kushuka na vitamutamu mifukoni, Badambai alikuwa anavikunja vitambaa jikoni. Rajul alifunga mlango, akafunua uso.

"Mama, ulijua yote matatu?"

"Mimi ndiye ninayekisafisha. La kushoto lilibadilika mwaka wa ukame, la kulia mwaka wa sinema. Mama hajui mawe yake?"

"Na la katikati?"

"Hilo lilinunua duka tena. Baba yao alipenda mawingu kuliko mke." Kikongwe alikung'uta kitambaa. "Nililiuza mwenyewe, nikaenda hekaluni kushukuru muujiza, kwa sababu mume hapendi kuokolewa na mtu anayempikia."

"Mbona hukuwaambia wanao kwamba unajua?"

"Mwana aliyekamatwa huomba radhi mara moja, basi, anasahau. Mwana asiyejua kama amekamatwa hukaa na adabu miaka yote. Sasa mimi nazeeka, mkamwana. Nilihitaji mtu wa kumwachia adabu yao."

Kidani kilirudishwa sandukuni kwa heshima zote zinazostahili chupa, gundi na mafuta.

Kesho yake asubuhi Rajul alipanda ngazi, mtandio umevutwa, lenzi imechomekwa tunduni. Shemeji zake walikuwa wamefika kabla yake, jambo ambalo halijapata kutokea, na walikuwa wamesogea mpaka ukutani, mmoja kulia, mwingine kushoto, wakaacha katikati nafasi ya kutosha watu wanne. Ndani ya nafasi hiyo, juu ya shimo la marehemu Motichand, alikuwa amelala paka.

Rajul alisimama. Pannalal alitazama dari, akakohoa.

"Karani," alisema, "mpishe mwenye nafasi yake."